Tarishi wa Utumbo: Sindano Mpya za Kisukari na Uzito



Miaka michache tu iliyopita maneno "sindano ya kukonda" hayakuwa yakisikika kwetu. Leo yanasikika kwenye lori la kwenda shambani, kwenye chumba cha kubadilishia nguo kiwandani, na hata kwenye benchi la zahanati wagonjwa wanapongojea kupimwa sukari. Mmoja husema ni anasa ya matajiri wa Ulaya na Marekani. Wa pili husema ni insulini mpya, bora kuliko ile ya zamani, kwa hiyo mwenye kisukari aiache ya zamani na kuitafuta hii. Wa tatu anamjua mtu mjini anayeuza unga wake katika vichupa vidogo kwa bei nafuu.

Wa kwanza amepata nusu ya ukweli. Wa tatu tutamrudia. Wa pili ndiye anayetutia hofu, kwa kuwa maneno yake yanaweza kumwua mtu katika muda wa siku chache, na marehemu akazikwa bila ya yeyote kujua kwamba ameuawa na ushauri wa rafiki. Hivyo basi tumeona heri tulieleze jambo hili tangu mwanzo: dawa hizi ni kitu gani, zimetoka wapi, zinafanya nini mwilini, na kwa nini zinauzwa ghali namna hii.

MATARISHI WA MWILI

Dawa hizi ni za jamii ya peptidi. Peptidi ni mnyororo mfupi wa vipande viitwavyo asidi amino, navyo ndivyo vinavyojenga pia nyama, maharagwe, mayai na misuli ya mikono yako. Chukua uzi, utunge shanga za rangi ishirini mbalimbali. Zikiwa shanga chache, hiyo ni peptidi; zikiwa mamia, twaiita protini. Mpangilio wa rangi ndio unaoipa kila peptidi kazi yake, kama tarakimu za namba ya kazi zinavyomtambulisha mfanyakazi mmoja na si mwingine. Insulini ina shanga 51. Ile iitwayo GLP-1, ambayo ndiyo hasa habari yetu leo, ina shanga 30. Na kwa kuwa peptidi ni jamii moja na nyama, ukiimeza tumbo huisaga kama linavyosaga kipande cha samaki. Ndiyo sababu nyingi hupigwa kwa sindano. (Kidonge kimojawapo kipo tangu mwaka 2019, lakini humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa maji kidogo, na hata hivyo ni sehemu ndogo mno inayofika katika damu.)

Kazi ya peptidi hizi mwilini ni utarishi. Kwamba utumbo unao matarishi wake ni jambo ambalo halikujulikana mpaka mwaka 1902. Kabla ya hapo mabingwa waliamini kuwa amri zote za mwili hupita katika mishipa ya fahamu, kama simu ya waya. Huko London, William Bayliss na Ernest Starling walichukua mbwa, wakakata mishipa ya fahamu iliyokuwa ikienda kwenye kipande cha utumbo wake, kisha wakatia tindikali katika kipande hicho. Kwa hesabu ya zamani kongosho, kile kiungo laini kilicholala nyuma ya tumbo la chakula, kilipaswa kunyamaza, maana waya zimekatwa. Hakikunyamaza. Kilitoa maji yake ya kusagia chakula kama kawaida. Basi utumbo ulikuwa umetuma ujumbe kwa njia ya damu. Mwaka 1905 Starling alimpa mjumbe wa namna hiyo jina la homoni, nalo limebaki mpaka leo.

UFUNGUO WA GHALA

Ugali, posho, matoke, muhogo, wali: chakula cha mtu wa kazi kikisagwa tumboni kwa sehemu kubwa hugeuka sukari, na sukari huingia katika damu. Lakini damu ni barabara tu. Mali ikijaa barabarani na mlango wa ghala ukawa umefungwa, walio ndani ya ghala watakufa njaa huku malori yamepanga foleni nje. Insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, ndiyo yenye ufunguo wa mlango huo. Katika kisukari cha aina ya kwanza kongosho hakitengenezi tena insulini, au hutengeneza kidogo mno. Aina hii huwashika zaidi watoto na vijana, ingawa mtu mzima naye hushikwa. Katika aina ya pili, iliyo ya wagonjwa walio wengi, insulini ipo lakini makufuli yameshika kutu, na kongosho baada ya kufanya kazi ya ziada kwa miaka mingi huchoka.

Kabla ya 1922 mtoto wa aina ya kwanza hakuwa na tiba ila kunyimwa chakula ili aongezewe miezi michache ya kuishi. Januari mwaka huo, huko Toronto, Canada, mvulana wa miaka 14 jina lake Leonard Thompson alipigwa sindano ya maji yaliyotolewa katika kongosho za ng'ombe. Sindano ya kwanza haikufaa. Zile zilizofuata baada ya siku 12, zilizosafishwa vizuri zaidi na James Collip, zilishusha sukari yake, na kijana akaishi miaka 13 zaidi. Frederick Banting, Charles Best na Collip waliiuza hati ya uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja, kwa kuwa hawakutaka dawa ile ihodhiwe na mfanyabiashara mmoja. Ikumbuke dola hiyo, ndugu msomaji, tutaihitaji mbele.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini, damu yake hujaa asidi, hutapika, hupumua kwa kasi, hulala usingizi usio wa kawaida na kufa. Hakuna dawa nyingine inayoshika nafasi ya insulini kwake. Sindano mpya tunazozieleza hapa SI INSULINI. Zenyewe hazina ufunguo. Zinamhimiza mwenye ufunguo afanye kazi. Kwa mgonjwa ambaye mwenye ufunguo amekwisha kufa, kuhimiza ni kazi bure. Tena wapo wa aina ya pili ambao kongosho zao zimechoka kiasi cha kuhitaji insulini, na hao pia wasiiache wala kuipunguza kwa shauri la mtu ambaye hakuwapima.

SAMAKI, MJUSI NA MKEMIA WA SKOPJE

Habari ya GLP-1 inaanza na kitendawili. Mwaka 1964 watafiti wa London, na wengine wa Marekani kwa upande wao, waliona kwamba sukari ikipitia utumboni, kongosho hutoa insulini nyingi kuliko inapotiwa moja kwa moja katika mshipa wa damu. Kumbe utumbo ulikuwa ukitangulia kupiga hodi: mzigo unakuja, jiandaeni. Ni nani huyo aliyepiga hodi?

Mmoja wao alipatikana kwa njia ya samaki. Mapema katika miaka ya 1980, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, maabara ya Joel Habener ilikuwa ikisoma maandishi ya urithi katika kongosho ya samaki mmoja wa baharini mwenye domo pana, ambaye huwavua samaki wenzake kwa kitu kama ndoana kilichoota kichwani. Ndani ya maandishi hayo palikuwa na peptidi ambayo hawakuitazamia. Nduguye wa upande wa binadamu ndiye aliyekuja kuitwa GLP-1. Lakini ule mnyororo ulioonekana kwanza ulikuwa mrefu kupita kiasi, na haukufanya kazi. Aliyetambua mahali hasa unapoanzia mnyororo wenye nguvu, akautengeneza maabarani na kuonyesha pamoja na Habener kwamba huamsha insulini, ni mkemia Svetlana Mojsov, mzaliwa wa Skopje, wakati ule katika Yugoslavia. Huko Denmark, Jens Juul Holst na wenzake walifikia jambo lilelile, na matokeo ya pande zote mbili yalichapishwa mwaka 1987.

Jina la Mojsov halikuwamo katika hati za uvumbuzi. Ilimbidi adai kwa njia ya wanasheria kwa miaka mingi mpaka likaingizwa, na sifa za hadharani zilichelewa zaidi ya hapo: tuzo ya Lasker alipewa mwaka 2024, pamoja na Habener na Lotte Bjerre Knudsen wa Denmark. Wasomaji wetu waliowahi kubuni kifaa kiwandani kisha msimamizi akapigwa picha nacho hawatahitaji maelezo marefu hapa.

Tarishi huyu ana kazi nne. Huamsha insulini, lakini pale tu sukari inapokuwa juu. Hulizuia ini lisimwage sukari yake ya akiba. Hulichelewesha tumbo lisiteremshe chakula upesi. Na katika ubongo hupeleka habari ya shibe. (Wapo pia matarishi wa njaa. Yule aitwaye grelini, anayetoka tumboni, aligunduliwa huko Japani mwaka 1999.) Taabu ilikuwa moja: GLP-1 ya asili ina maisha mafupi. Katika damu kimo kimeng'enya kinachokata shanga mbili za mwanzo, na baada ya dakika 2 hivi nusu ya matarishi waliotumwa imekwisha haribiwa. Dawa ya namna hiyo ingebidi mgonjwa afungwe mpira wa dripu mchana na usiku.

Hapo ndipo alipoingia mjusi. Katika majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani na kaskazini ya Mexico yuko mjusi mnene mwenye sumu aitwaye Gila, ambaye hula mara chache tu kwa mwaka. Mwaka 1992 daktari John Eng, wa hospitali ya askari wastaafu katika Bronx, New York, alitangaza kuwa ameona katika sumu ya mjusi huyo peptidi yenye shanga 39 ambayo karibu nusu yake inafanana na GLP-1. Tofauti ilikuwa kwamba kile kimeng'enya hakikuiweza. Kutokana nayo ilitengenezwa dawa ya kisukari ya kwanza ya jamii hii, eksenataidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005, sindano mbili kwa siku.

Wadenmark walishika njia nyingine. Lotte Bjerre Knudsen na wenzake katika kampuni ya Novo Nordisk waliufunga mnyororo wa GLP-1 mkia wa mafuta. Mkia huo huishika albumini, protini kubwa inayozunguka katika damu, na dawa ikasafiri nayo kama utingo aliyening'inia nyuma ya lori. Kimeng'enya hakimpati kwa urahisi, na figo hazimtupi nje. Kwa njia hiyo ilipatikana liraglutaidi ya kila siku, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2010, na baadaye semaglutaidi, inayopigwa mara moja kwa wiki, mwaka 2017. Hiyo semaglutaidi ndiyo inayouzwa kwa majina ya Ozempic kwa kisukari na Wegovy kwa uzito. Mwaka 2022 kampuni ya Marekani, Eli Lilly, ilileta tirzepataidi, yenye kusema kwa sauti za matarishi wawili kwa pamoja.

HESABU ZINASEMA NINI

Tusiidharau dawa hii. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2021, watu wazima 1,961 wenye uzito mkubwa na wasio na kisukari waligawanywa: wengine walipigwa semaglutaidi, wengine sindano isiyo na dawa, na wote wakashauriwa juu ya chakula na mazoezi. Baada ya wiki 68, wenye dawa walikuwa wamepungua asilimia 14.9 ya uzito wao kwa wastani, wenzao asilimia 2.4. Mtu wa kilo 100 aliteremka hadi kilo 85. Wenye kisukari hupungua chini ya hapo, lakini sukari yao hushuka, na hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha ya kwanza.

Jaribio jingine, la mwaka 2023, lilichukua watu 17,604 wenye uzito mkubwa na maradhi ya moyo au mishipa, wasio na kisukari. Kwa muda wa zaidi ya miaka mitatu, kati ya kila watu 100 waliopigwa sindano tupu, 8 walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo. Kwa waliopata dawa walikuwa 6 na nusu. Magazeti yaliandika "pungufu ya asilimia 20", na hesabu hiyo ni sahihi, lakini sisi tunapenda ile ya watu 100, maana inaonyesha pia wale 92 ambao hata bila ya dawa hawakupatwa. Mwaka 2024 ikaonekana vilevile kuwa dawa hii hupunguza kuharibika kwa figo kwa wagonjwa wa kisukari wenye figo mbovu. Katika nchi ambazo mashine za kusafishia damu ni za kuhesabika, hilo si jambo dogo.

Sasa upande wa pili. Wale wa jaribio la kwanza walipofuatwa mwaka mmoja baada ya kuachishwa sindano, walikuwa wamerudishiwa theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Dawa hufanya kazi kwa muda inapotumika. Ukiiacha, tarishi amenyamaza, na njaa hurudi kazini kwake. Hiyo ina maana mbili. Ya kwanza, anayekuambia unununue sindano za miezi miwili ukonde kwa ajili ya harusi anakuuzia kitu kitakachotoweka pamoja na pilau. Ya pili, unene si uvivu wala ulafi tu kama wanavyopenda kusema watu wenye miili midogo. Mwili unao matarishi wake wanaoulinda uzito wake, na mtu akipunguza chakula hao hupiga kelele zaidi. Watafiti wameona pia kwamba wanaofanya kazi ya zamu za usiku hupatwa na kisukari cha aina ya pili kuliko wanaolala usiku. Mtu aliyezoeshwa kula saa nane za usiku mbele ya mashine asihubiriwe juu ya nidhamu na aliyelala.

MAHALI PA KAZI

Maelezo ya dawa hizi huandikwa kwa mtu wa ofisini. Hakuna anayemwandikia mkata miwa. Kwa hiyo yafuatayo yasomwe taratibu, hasa na wale ambao daktari amekwisha kuwaandikia dawa hii.

Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ndiyo malalamiko ya kawaida, hasa mwanzoni na kila dozi inapoongezwa. Ndiyo sababu semaglutaidi ya uzito huanzishwa kwa dozi ndogo ya miligramu 0.25, na huchukua wiki 16 za kupanda ngazi kabla ya kufika 2.4. Sasa mfikirie mtu anayetapika usiku, kisha asubuhi anaingia katika shamba la miwa, au kwenye chumba cha boila, akatoka jasho mpaka saa nane mchana. Maji yakipungua hivyo mwilini figo huweza kuumia, na onyo hilo limeandikwa na watengenezaji wenyewe. Anayetapika au kuharisha asiende juani kwa ujabari. Anywe maji, na arudi kwa aliyemwandikia dawa kabla ya kuongeza dozi.

Jambo la pili ni mashine. Dawa hii peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja: huamsha insulini pale tu sukari iko juu. Lakini ikichanganywa na insulini, au na vidonge kama glibenklamaidi ambavyo wengi wetu huvimeza, sukari huweza kuanguka ghafla. Dalili zake ni mtetemeko, jasho la baridi, macho kufanya kiwi, maneno kuchanganyika. Kwenye msumeno au kwenye usukani wa trekta dakika mbili za namna hiyo zatosha. Daktari hupaswa kupunguza hivyo vidonge au insulini anapoanzisha sindano mpya. Usipoona akifanya hivyo, muulize. Na mfukoni pawe na sukari au soda tamu.

Tena, uzito unaopungua si mafuta matupu. Sehemu yake ni misuli. Mwenye kukaa kwenye meza huenda asione kitu, lakini mbeba magunia anaishi kwa misuli. Aliyekosa hamu ya kula na akaacha hata maharagwe, mayai na dagaa atajikuta mwepesi na dhaifu. Na kwa mfanyakazi mwembamba ambaye mshahara wake haumshibishi, dawa ya kuondoa njaa ni madhara matupu. Wembamba nao hupata kisukari. Tiba yao yapasa ipangwe kwa hali yao, si kwa sifa za sindano.

Kina mama wanaotaka kushika mimba waache semaglutaidi angalau miezi miwili kabla. Wanaotumia tirzepataidi wajue kuwa inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa majira. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni yasivumiliwe nyumbani. Yaweza kuwa kongosho kuvimba au mawe katika mfuko wa nyongo. Mwenye kisukari cha siku nyingi apimwe macho kabla ya kuanza, maana sukari ikishuka kwa ghafla jicho lililokwisha kudhurika huweza kuzidi. Na aliye na saratani ya tezi ya shingo katika ukoo wake amweleze daktari kabla ya sindano ya kwanza.

VICHUPA VYA MJINI

Turudi kwa yule wa tatu. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya Ozempic za bandia zilizokamatwa mwaka uliotangulia huko Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia zimepenya kwenye nchi zenye wakaguzi wengi namna hiyo, mtu asijidanganye juu ya kibanda cha sokoni. Kalamu nyingine za bandia zilionekana kuwa na insulini ndani yake. Mtu mzima asiye na kisukari akijipiga insulini akidhani ni dawa ya kukonda, sukari yake huanguka na anaweza asiamke.

Vichupa vya unga ni hatari ya namna nyingine. Huandikwa kuwa ni vya maabara tu, si vya binadamu, ili muuzaji aikwepe sheria, kisha huuzwa kwa binadamu. Mnunuzi huambiwa achanganye na maji mwenyewe na ahesabu vistari vya bomba la sindano. Hapo kosa la nukta moja katika hesabu ni dozi mara kumi. Hata peptidi zilizokuwa bado katika majaribio mwaka 2025, kama ile iitwayo retatrutaidi, zilikuwa tayari zikiuzwa hivyo kabla madaktari hawajaruhusiwa kumwandikia mgonjwa hata mmoja.

BEI, NA ILE DOLA MOJA

Mwaka 2024 bei iliyoandikwa huko Marekani kwa Ozempic ya mwezi mmoja ilikuwa karibu dola 1,000. Machi mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walipiga hesabu ya kutengeneza dawa, kalamu yake na faida ya kiasi, wakaona kuwa mwezi mmoja waweza kuuzwa kwa chini ya dola 5. Kampuni hujibu kwamba bei hulipia utafiti wa miaka mingi, na si uongo kwamba utafiti uligharimu. Lakini kama tulivyoona, sehemu kubwa ya ngazi ilijengwa katika hospitali na vyuo, na hospitali ya yule mjusi ilikuwa mali ya serikali.

Afrika Kusini walionja jambo hili kwa namna iliyo chungu zaidi. Mkataba wa kalamu za insulini ya kawaida kwa hospitali za serikali ulipokwisha mwaka 2024, Novo Nordisk haikuomba mwingine. Wagonjwa walirudishwa kwenye chupa na bomba la sindano. Kalamu za sindano za uzito zilikuwa zikitafutwa dunia nzima wakati huo, na mwenye insulini ya bei ya chini akasogezwa nyuma ya foleni.

Na kampuni hiyo ilizaliwa na insulini ya Toronto! Mwaka 1922 mtaalamu August Krogh alisafiri Amerika na mkewe Marie, daktari ambaye mwenyewe alikuwa na kisukari. Marie ndiye aliyemhimiza apite Toronto, wakarudi Denmark na ruhusa ya kutengeneza insulini. Mfanyakazi mmoja wa kazi hiyo, Thorvald Pedersen, alifukuzwa mwaka 1924, na nduguye Harald akaacha kazi pamoja naye. Wawili hao walianzisha kampuni yao ya Novo mwaka 1925, na kampuni zote mbili zikaungana mwaka 1989. Mwaka 2023 thamani ya hisa zake ilipita pato la mwaka mzima la taifa la Denmark. Septemba 2025 ilitangaza kuwaondoa kazini watu wapatao 9,000 kati ya 78,400, na 5,000 kati ya hao ni wa Denmark kwenyewe. Sindano ilikuwa bado ikiuzwa kwa mabilioni.

Ukiritimba wa hati hauna maisha ya milele. Huko Canada hati ya semaglutaidi ilikufa mapema kwa sababu kampuni haikulipa ada ya kuitunza, ambayo pamoja na faini haikufika dola 500 za huko. Huko India, China na Brazil muda wa hati kuu uliwekwa kuisha Machi 2026, na viwanda vya nchi hizo vilijiandaa mapema kutengeneza dawa ileile kwa majina mengine. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye unene pamoja na maradhi ya moyo au ya figo. Orodha hiyo hailazimishi serikali yoyote kununua, lakini humpa mdai karatasi ya kuweka mezani.

Wajumbe wa matawi wanaokutana na waajiri juu ya zahanati za kampuni waanze na mambo yaliyo karibu. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria watu wazima milioni 24 wenye kisukari katika Afrika kusini ya Sahara, na zaidi ya nusu yao hawakujua kuwa wanaumwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama zahanati ina kipimo cha sukari na vijikaratasi vyake, na kama wa zamu ya usiku hukikuta kimefungiwa kabatini. La pili ni kama metfomini na insulini hukosekana, na kwa siku ngapi katika mwezi. La tatu ni mahali insulini inapowekwa mgonjwa anapokuwa kazini. Uchunguzi uliofanywa kwa ajili ya kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya, na kutangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa chupa ya insulini iliyokwisha funguliwa, ikikaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, haikupoteza nguvu kwa muda wa wiki 4. Asiye na friji basi anaweza kuitunza ndani ya chungu kilichowekwa kivulini na kulowanishwa kwa maji, mbali na paa la bati na mbali na dirisha la lori.